Unaanza Tiba ya Kisaikolojia? Mambo ya Kujua Kabla Hujaingia Chumbani

Wengi niliowaona wakiacha tiba ya kisaikolojia baada ya kikao kimoja hawakuumizwa na mtu. Waliacha kwa sababu walitegemea kupewa ushauri. Mtu amejikaza miezi kadhaa, ametafuta nauli, kazini ameaga kwa kisingizio cha jino, kisha anakutana na mtaalamu ambaye hamwambii "muache huyo bwana" wala "rudi kwa mumeo". Anaulizwa maswali karibu saa nzima, analipa, anatoka. Njiani anajisemea: kama ni kusikilizwa tu, si hata shangazi angenisikiliza bure?

Swali lake ni la haki. Tumelelewa na watu wa kutupa wosia: shangazi, somo, mjomba, mzee wa kanisa, imamu. Ukiwapelekea jambo, wanakata shauri. Mwanasaikolojia kazi yake ni nyingine, na usipoijua mapema utamwona hafai hata akiwa hodari. Anakusaidia kuona jinsi fikra, hisia, mwili na matendo yako vinavyovutana, kisha mnajaribu pamoja kubadili kitu kimoja, mnapima, mnajaribu kingine. Ni kazi yenye utaratibu, na sehemu yake kubwa inafanyika nyumbani kwako.

Kama hali ni ya dharura, usisubiri miadi

Maelezo haya ni ya mtu anayeweza kungoja siku chache. Kama umeshaanza kupanga namna ya kujiua, au unasikia sauti zinazokuamuru, au hujalala siku kadhaa na akili haitulii, nenda kitengo cha dharura cha hospitali iliyo karibu, ukiwa na mtu unayemwamini. Kenya, Shirika la Msalaba Mwekundu lina namba ya bure ya 1199 kwa msaada wa kisaikolojia. Tanzania, kituo cha simu cha Wizara ya Afya ni 199, nayo bure. Kwa mtoto, 116 inatumika nchi zote mbili.

Wapo wanaonyamaza kwa kuogopa polisi. Kenya, Mahakama Kuu iliamua Januari 2025 kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakwenda kinyume na Katiba. Tanzania ina kifungu cha namna hiyo hiyo, cha 217. Lakini vifungu hivyo vinahusu jaribio. Kuwa na mawazo ya kufa na kumweleza mtaalamu si kosa popote kati ya nchi hizi, na kwake si jambo la kumshtua: analisikia mara kwa mara.

Nani ni nani

Daktari wa magonjwa ya akili ni daktari kamili aliyebobea upande huo, na ndiye anayeandika dawa. Mwanasaikolojia tiba amesomea kupima na kutibu kwa mazungumzo, dawa haandiki. Mnasihi, au mshauri nasaha, anaweza kuwa na mafunzo ya miezi michache au shahada ya uzamili, kwa hiyo kwake ndiko pa kuuliza maswali zaidi. Afisa ustawi wa jamii hushughulikia ndoa, matunzo ya watoto na ukatili, na kwenye hospitali za wilaya mara nyingi ndiye mlango wa kwanza.

Kwa sonona (huzuni nzito inayodumu na kuondoa hamu ya mambo) isiyo kali na wasiwasi uliopitiliza, mazungumzo peke yake yanaweza kutosha kuanzia. Kwa sonona kali, kwa anayesikia au kuona visivyokuwepo, na kwa wenye bipola, yaani hisia zinazopanda mno kisha kushuka mno, dawa huwa sehemu ya tiba na mazungumzo yanakwenda sambamba nazo. Usijiamulie mwenyewe uko kundi gani. Mwanasaikolojia mzuri akiona unahitaji dawa atakuandikia rufaa, na daktari mzuri akiona unahitaji mazungumzo atafanya vivyo hivyo.

Kuna jambo linalosahaulika: mwili. Watu wetu wengi hawafiki hospitali wakisema wana sonona. Wanasema kichwa kinawaka moto, moyo unakwenda mbio, mgongo unakata, tumbo limejaa gesi, mwili hauna nguvu. Ni malalamiko ya kweli na sonona huja kwa njia hiyo kabisa. Lakini upungufu wa damu, matatizo ya tezi ya shingo na kisukari nayo huchosha mwili na kuvuruga hisia, kwa hiyo vipimo vya kawaida vya damu na shinikizo vitangulie au viende pamoja na tiba. Ukishaambiwa "vipimo vyote viko sawa", usiondoke umekasirika ukidhani daktari amekuita mwongo. Hapo ndipo pa kuuliza: je, inaweza kuwa ni msongo wa mawazo, na nimuone nani?

Kuhusu mahali pa kwenda: Muhimbili ya Dar es Salaam, Mirembe ya Dodoma, KCMC ya Moshi, Bugando ya Mwanza, Kidongo Chekundu ya Unguja, Mathari ya Nairobi, na hospitali nyingi za rufaa za mikoa na za kaunti zina kliniki za afya ya akili. Najua majina hayo yanavyotumika mtaani. Mtu akibishana kidogo anaambiwa apelekwe Mirembe; Nairobi ni Mathari, ambayo imekuwapo tangu 1910 na imebeba utani wa vizazi. Ukifika kliniki ya wagonjwa wa nje utakachokuta ni benchi, kadi na foleni. Kuna mwenye tai, kuna mwanafunzi mwenye sare, kuna mama na mtoto mgongoni. Baadhi yao wamefuata dawa za kifafa tu. Hakuna anayekutazama. Kila mmoja anaangalia mlango akisubiri jina lake liitwe.

Kumpata, na kumhoji kabla hujalipa

Kenya ina sheria mahususi ya washauri nasaha na wanasaikolojia ya mwaka 2014, iliyounda bodi ya kuwasajili. Omba namba ya usajili, na usione aibu. Tanzania, daktari wa magonjwa ya akili lazima awe amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Kwa mwanasaikolojia au mnasihi, uliza amesomea chuo gani, shahada gani, na nani anamsimamia kitaaluma. Hilo la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana: mtaalamu makini ana mwenzake mwenye uzoefu anayempitishia kazi zake. Asiyesimamiwa na mtu yeyote, na anayekasirika akiulizwa, ameshakujibu.

Mitandaoni wamejaa "makochi wa maisha" wenye wafuasi wengi na hakuna cheti. Wengine wana maneno mazuri. Ya kukupa hamasa asubuhi sawa, lakini usiwapelekee jeraha la kubakwa au la kufiwa na mtoto.

Meseji ya kwanza haihitaji kueleza maisha yako. Hii inatosha:

*"Habari za leo. Natafuta kuanza tiba ya mazungumzo. Kwa miezi kadhaa silali vizuri na kazi inanishinda. Naomba kujua umesajiliwa wapi, kikao ni shilingi ngapi na dakika ngapi, unafanya ana kwa ana au kwa simu, na una nafasi jioni siku zipi? Asante."*

Una haki ya kuchagua mwanamke au mwanamume, na ya kuuliza lugha. Wataalamu wetu wamesoma kwa Kiingereza na wengine wakianza kueleza, Kiswahili kinawakimbia. Sema tu: "Naomba tuzungumze Kiswahili, na neno gumu unieleze." Aliye Uingereza, katika England, anaweza kujiandikisha mwenyewe kwenye NHS Talking Therapies, huduma ya umma ya tiba ya mazungumzo, bila kupitia kwa daktari wake, na aombe mkalimani kama Kiingereza kinamzuia kusema ya moyoni. Asimfanye mtoto wake mkalimani. Kuna mambo mtoto hatakiwi kuyapitisha mdomoni mwake.

Halafu kuna umri. Mzee wa miaka 60 anaingia, anamkuta binti wa 28. Anaamkiwa shikamoo, anajibu marahaba, na muda si mrefu binti huyo huyo anamuuliza kama unyumba unaendaje. Wazee wengi hapo ndipo wanapofunga mdomo, wanajibu "tunamshukuru Mungu" hadi mwisho na hawarudi. Njia bora ni kulisema wazi: "Mwanangu, hili naona haya kulizungumza na mtu wa rika lako." Aliyefundishwa vizuri hatachukizwa. Ama mtatafuta namna ya kulisema kwa staha, au atakutafutia mwenzake mtu mzima. Na kwa vijana, kinyume chake: usimwite mtaalamu "mama" au "baba" halafu ukaanza kumficha mambo kama unavyomficha mama yako. Muulize anapenda kuitwaje.

Pesa

Hospitali za umma ni nafuu, ila foleni ni ndefu, vikao huwa vifupi na huenda leo ukamwona huyu na mwezi ujao mwingine. Binafsi unalipia muda na mtu yule yule. Piga hesabu ya miezi, siyo ya siku: kwa mfano, kikao kikiwa shilingi 60,000 za Tanzania na unakwenda kila wiki, ni 240,000 kwa mwezi bila nauli. Huziwezi? Uliza kama ana bei ya kipato cha chini, au kama mnaweza kukutana kila baada ya wiki mbili. Kama una bima, piga simu kabla na uulize neno kwa neno: "Vikao vya mwanasaikolojia mnalipia vingapi kwa mwaka, na vinahitaji rufaa?" Baadhi ya waajiri na vyuo vina huduma hii bure na watu hawajui. Uliza pia sera ya kughairi: wengi hutoza usipofika bila kutoa taarifa siku moja kabla.

Siku yenyewe

Andika nusu ukurasa, isizidi. Hali ilianza lini, nini kilitokea karibu na wakati huo, umejaribu nini, na unakunywa dawa gani. Kwenye dawa weka zote, hata za mitishamba na za duka la dawa la mtaani. Mganga wa kienyeji uliyemwendea si siri ya kuficha. Baadhi ya mitishamba hugombana na dawa za hospitali, na daktari asipojua anakuhatarisha. Mwisho andika jambo moja unalotaka libadilike. "Nataka kuwa na furaha" ni pana mno. "Nataka niweze kuingia kwenye kikao cha kazini bila kutetemeka" linafanyiwa kazi.

Fika mapema kidogo, maana kuna fomu. Usinywe pombe ya kujipa moyo. Na usipange jambo zito saa ile ile unapotoka.

Kikao huwa kati ya dakika 45 na saa moja. Kwanza utaelezwa masharti na kutia saini ya ridhaa. Soma. Kisha pengine utapewa dodoso. Linalotumika sana kwa sonona ni PHQ-9. Lina maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita: hamu ya kufanya mambo imepungua? unalala vipi? unajiona umeshindwa? Kila jibu ni kuanzia 0, yaani haijatokea kabisa, hadi 3, karibu kila siku, na jumla ya juu ni 27. Kuanzia 10 mtaalamu huangalia kwa makini zaidi. Swali la 9 linauliza kama umewaza ni afadhali ufe au ujidhuru. Watu wanalijibu 0 kwa adabu. Jibu ukweli, kwa sababu karatasi hiyo hiyo utajazishwa tena baada ya wiki kadhaa, na ndiyo itakayoonyesha kama tiba inakusaidia au mnapoteza muda.

Baada ya hapo ni maswali, na mengine utaona yanachimba mno. Umezaliwa wa ngapi? Nani alikulea? Usingizi, chakula, kazi, madeni. Pombe, bangi, mirungi, na kiasi gani hasa. Ndoa na unyumba. Kuna mtu amewahi kukupiga, kukulazimisha? Umewahi kutamani usingeamka asubuhi? Hilo la mwisho linaulizwa kila mtu, na kuulizwa hakupandi wazo hilo kichwani mwa asiyekuwa nalo. Atauliza pia swali linaloonekana dogo:

— Nini kimekufanya uje sasa, siyo mwezi uliopita?

— Mke wangu amesema nikiendelea hivi anaondoka.

— Na asingesema hivyo?

Hapo mtu ananyamaza. Anatazama saa ya ukutani, anatazama viatu vyake.

— Sijui.

"Sijui" hiyo mtaalamu anaiandika kama jibu. Inamwambia kuwa huyu ameletwa na hofu ya kuachwa na bado hajaamua kama mwenyewe ana shida, kwa hiyo wiki zijazo zitaanzia hapo. Kimya nacho kinafanya kazi. Mwanasaikolojia haruki kukijaza kama tunavyofanya sebuleni, na mara ya kwanza dakika moja ya kimya ni ndefu kweli. Usikimbilie kusema chochote ili kumfurahisha.

Ukilia, lia. Karatasi za kufutia machozi ziko mezani kwa sababu hiyo. Wanaume hasa huomba radhi kwanza ndipo walie, hakuna aliyekosewa.

Huna lazima ya kusimulia kila kitu siku ya kwanza. Kama kuna tukio zito — ubakaji, ajali, ukatili wa utotoni, vita uliyoikimbia — inatosha kusema, "Kuna jambo lilinipata nikiwa na miaka 12, leo siko tayari." Mjuzi atashukuru na kusogea mbele. Anayekulazimisha ulimwage lote kikao cha kwanza hajui kazi ya kiwewe: mtu anaweza kutoka pale akiwa vibaya kuliko alivyoingia.

Kabla hujaaga, muulize wewe maswali manne: Unaonaje tatizo langu? Tutalifanyia nini? Unakadiria vikao vingapi? Tutajuaje kwamba inasaidia? La kwanza anaweza kuomba kikao kingine ndipo alijibu, ni sawa. Ila kikao cha tatu kikipita na hana jibu la hata moja, tafuta mwingine.

Siri, na pale siri inapokoma

Unayosema hayatoki chumbani, isipokuwa kwa mambo machache ambayo lazima akutajie mwanzoni: ukiwa katika hatari ya kujiua, ukiwa na mpango wa kumdhuru mtu, ukifichua mtoto anayetendewa ukatili, au mahakama ikitoa amri. Kwa Tanzania, Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mwanajamii yeyote anayejua mtoto anavunjiwa haki zake kutoa taarifa, kwa hiyo usimwone msaliti. Taarifa za afya zinalindwa pia na sheria za data: Kenya ya 2019, Tanzania ya 2022. Mume, mke, bosi wala mchungaji aliyekupeleka hana haki ya kupewa ripoti bila wewe kukubali. Wazazi wa aliye chini ya miaka 18 wana utaratibu wao, na mtoto aelezwe mapema nini wataambiwa na nini hapana.

Miji yetu midogo ina tatizo lake: Jumamosi utamkuta mwanasaikolojia wako sokoni anachagua nyanya, au mtakaa safu moja msikitini. Pangeni mapema. Wengi husubiri wewe uanze kusalimia. Ukipita kimya, naye anapita kimya.

Kwa tiba ya simu, nyumba ndiyo shida. Vyumba viwili, watu saba, ukuta wa mabanzi. Watu hufanyia kikao ndani ya gari lililoegeshwa, stoo ya duka, au wakitembea barabarani na visikilizio masikioni. Zima maandishi ya meseji yanayojitokeza juu ya kioo, hifadhi jina lake kwa namna usiyohitaji kuieleza, na kubalianeni neno la kumjulisha kwamba mtu ameingia chumbani. "Bei ya mahindi umeniambia ngapi?" linafaa kama lolote.

Wiki zinazofuata

Hapa ndipo tiba ilipo, na hapa ndipo waliotegemea ushauri huchoka. Aina zinazotumika ni nyingi, lakini unayoweza kukutana nayo zaidi ni tiba ya fikra na tabia, iliyoasisiwa na Aaron Beck, daktari wa Philadelphia, katika miaka ya 1960. Kwa kawaida ni vikao kati ya 6 na 20, mara moja kwa wiki. Acha nikuonyeshe inavyofanyika.

Chukua mwalimu wa sekondari. Anamwamkia mkuu wa shule kwenye korido, mkuu anapita bila kuitikia. Mwalimu anakwepa kikao cha walimu, anajifungia maktaba, usiku halali. Kazi aliyopewa nyumbani ni daftari lenye safu. Tukio: mkuu hakuitikia. Fikra iliyokuja papo hapo: *amenichoka, nahamishwa*. Hisia: hofu, 80 kwa 100. Mwili: tumbo limekaza. Tendo: kukwepa kikao. Mpaka hapo ni kuandika tu. Kisha wanajaza safu mbili zilizobaki kama mahakama inavyosikiliza ushahidi. Upande wa kwanza: hakuitikia; wiki iliyopita alirudisha mpango wa somo. Upande wa pili: alirudisha mipango ya walimu wote, mwezi uliopita alimkabidhi darasa la mtihani, na — hili alilikumbuka baada ya kuulizwa mara ya pili — mkuu alikuwa na simu sikioni. Fikra mpya wanayoiandika si "ananipenda sana". Ni "sijui kwa nini hakuitikia". Hofu inashuka hadi 45. Kisha jaribio: kesho amwamkie tena, akae kikao chote, aandike kilichotokea.

Hakuna aliyemwambia "acha woga", na hofu haikwisha. Ilishuka kiasi cha kumwezesha kuingia kikaoni, na kule kuingia ndiko kunakoishusha zaidi. Ukirudia hivyo wiki baada ya wiki unaanza kuona njia ambayo akili yako hupenda kuteleza. Anayekwenda kila wiki lakini hafungui daftari nyumbani, mtaalamu wake hana cha kufanyia kazi ila kumbukumbu za haraka haraka.

Kama kalamu haikufai, sema. Kazi inaweza kuwa ujumbe wa sauti, au kutenda tu: kwa mwenye sonona, kazi ya kwanza mara nyingi ni kuoga, kutoka nje asubuhi, kumpigia mtu mmoja, hata bila hamu. Hamu huja nyuma ya tendo.

Anayedhani haya ni mambo ya Wazungu aangalie Harare. Mwaka 2006 Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili wa Zimbabwe, alianza kuwafundisha akina bibi wahudumu wa afya kutoa tiba ya kutatua matatizo wakiwa wamekaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya zahanati. Mradi unaitwa Friendship Bench, yaani Benchi la Urafiki. Utafiti uliochapishwa 2016 uliwafuata watu 573. Baada ya miezi 6, waliobaki na dalili za sonona walikuwa asilimia 14 kati ya waliokaa kwenye benchi, dhidi ya asilimia 50 kati ya waliopata huduma ya kawaida. Na bibi wale hawakuwa wanatoa wosia. Walikuwa wanamwambia mgonjwa ataje matatizo yake yote, achague moja, apange hatua, arudi aeleze imekwendaje.

Tegemea pia siku mbaya. Baada ya kikao kizito unaweza kuchoka siku nzima, kuota ndoto za zamani, kuwa mkali kwa watoto. Mwambie mtaalamu, apunguze mwendo. Lakini kama vikao sita au nane vimepita, umefanya kazi zako, na PHQ-9 haijasogea, lilete mezani: mbadili njia, aongezwe daktari, au ubadili mtaalamu. Kusema "naona haisaidii" si utovu wa adabu.

Mambo yasiyovumilika

Kukutongoza au kukugusa kwa namna isiyofaa, hata akisema ni sehemu ya tiba: toka, usirudi, mshtaki kwenye bodi, kwa uongozi wa hospitali au polisi. Kukukopa pesa. Kukuuzia virutubisho. Kukusimulia habari za mteja mwingine, maana kesho atasimulia zako. Kukuahidi utapona baada ya vikao vitatu. Kukuambia uache dawa ulizoandikiwa na daktari bila kuwasiliana naye. Kugeuza kikao kuwa mahubiri ambayo hukuyaomba, au kinyume chake, kuidharau dini yako.

Nyumbani watasema nini

Huna deni la maelezo kwa ukoo mzima. Chagua mmoja au wawili. Kwa wengine, "naenda kliniki" inatosha na wala si uongo. Kwa mwenzi wako, ni vizuri ajue unakwenda, saa ngapi na gharama yake, kwa sababu mtu anayetoweka kila Alhamisi jioni na simu imezimwa anajitafutia kesi nyingine. Yaliyosemwa ndani ni yako. Akiuliza, "Mmenijadili mimi?" jibu la ukweli ni, "Najizungumzia mimi, na wewe umo maishani mwangu."

Dua na maombi endelea nayo. Sheikh au mchungaji mwenye busara hataona ugomvi, na mwanasaikolojia mwenye busara atakuuliza imani inakusaidiaje ili muitumie. Tatizo hutokea pale mtu anapoambiwa aache dawa kwa kuwa ameombewa. Hapo rudi kwa daktari kabla hujaacha kidonge kimoja. Dawa nyingi za akili haziachwi ghafla.

Kumaliza

Tiba ina mwisho, na mwisho unapangwa. Usipotee tu, hata kama unaona aibu kusema umetosheka au pesa zimekwisha. Omba kikao kimoja cha kufunga. Mwanzoni mwa miezi ya mwisho mtaanza kukutana kila wiki mbili, kisha mara moja kwa mwezi, uone unasimamaje peke yako. Kikao cha mwisho kinatoka na karatasi: dalili zako za kwanza kabisa hali ikitaka kurudi (kwa mmoja ni kuamka saa tisa usiku, kwa mwingine ni kuacha kupokea simu za dada yake), mambo yaliyokusaidia, na namba ya kupiga. Ibandike ndani ya mlango wa kabati au ihifadhi kwenye simu. Ukiona dalili mbili kati ya hizo zinadumu wiki mbili, omba miadi. Hutaanza upya: faili lako lipo, na huenda vikao viwili vitatu vya kukumbushana vikatosha.